Safu ya Ushauri: Watengenezaji watatu na tangi moja la samaki la lita 900

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni mfugaji wa samaki wa mapambo. Nina tangi la lita 240 ambalo nimelitunza kwa miaka kadhaa bila tatizo kubwa, lakini samaki wangu wanne wa aina ya oska wamekua kiasi kwamba mmoja akigeuka anampiga mwenzake mkia. Mimi na mume wangu tumekubaliana kununua tangi kubwa litakalokaa sebuleni kwa miaka mingi, na vipimo tulivyochagua ni urefu wa sentimita 200, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 75, yaani lita 900 likijazwa hadi ukingoni.

Nimepata watengenezaji watatu na nimeshindwa kuamua. Wa kwanza ni kiwanda chenye jina kubwa, ambacho kinauza tangi la vipimo hivyohivyo likiwa na kabati, taa na chujio lake, kioo cha milimita 15 chenye mikanda ya kioo juu, na dhamana ya miaka mitatu. Kina pia toleo dogo zaidi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Wa pili ni fundi mwenye karakana yake, anayetengeneza kwa agizo tu. Kazi zake nilizoziona ni safi, bei yake iko chini sana ya ile ya kiwanda, na ameniahidi tangi lililo wazi juu, lisilo na fremu wala mikanda, kwa kioo cha milimita 12. Nilipomuuliza kuhusu dhamana alinijibu nisiwe na wasiwasi, nikimpigia simu tu atakuja. Wa tatu hutengeneza matangi ya akriliki, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, na anatoa dhamana ya miaka kumi, ambayo kwangu inaonekana ni hoja nzito kuliko zote.

Nimesoma maoni ya wanunuzi mpaka kichwa kinaniuma, kwa kuwa kila mtengenezaji ana wanaomsifu na wanaomlaani. Mume wangu ana hofu ya uzito, maana sebule yetu iko ghorofani, na mama mkwe, ambaye nyumba ni yake, ameniambia waziwazi kwamba hataki kuona maji kwenye sakafu. Tuna watoto wawili wadogo. Naomba unisaidie: ninunue kwa nani, na nitajuaje kwamba huyo ninayemwamini anastahili kuaminiwa?

Wako,
Msomaji aliye njia panda

*

Dada mpendwa,

Ahsante kwa barua iliyoeleza kila kitu kwa vipimo. Wengi huniandikia wakitaja jina la mtengenezaji na rangi ya kabati tu, na hapo inakuwa vigumu kumsaidia mtu. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Kwa jinsi ofa hizo zilivyo sasa, nisingenunua hata moja kati ya tatu. Ningerudi kwa fundi wa karakana nikiwa na vipimo vipya na masharti ya maandishi. Akiyakubali, kazi ningempa yeye, na akiyakataa, ningechukua lile toleo la kiwandani la sentimita 180. Akriliki ningeiacha, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu ya samaki ulio nao na nyumba unayoishi.

Tuanze na kimo, kwa sababu hesabu yote ya usalama huanzia hapo. Watu wengi hudhani kwamba kinachosukuma kioo ni wingi wa lita, kumbe msukumo wa maji hutegemea kina chake, na huongezeka haraka kuliko kina chenyewe. Kwa tangi la urefu wa sentimita 200 lenye maji ya kina cha sentimita 75, kioo cha mbele peke yake hubeba msukumo unaolingana na uzito wa takriban kilo 560, usiku na mchana, kwa miaka yote ambayo tangi litakuwa na maji. Sasa badilisha vipimo viwili tu: upana uwe 75 na kimo kiwe 60. Lita zinabaki zilezile 900, lakini msukumo kwenye kioo cha mbele unashuka hadi takriban kilo 360. Umepunguza zaidi ya theluthi ya mzigo bila kupoteza hata lita moja.

Faida haiishii hapo. Uso wa maji, ambako oksijeni huingilia, unaongezeka kutoka mita za mraba 1.2 hadi 1.5, na oska, ambaye akikomaa hufikia sentimita 30 au zaidi, anapata nafasi ya kugeuka pasipo kugusa kioo. Samaki wa umbo lile hufaidika na upana kuliko kina. Kuna pia suala la mkono wako mwenyewe: tangi la kimo cha sentimita 75 likiwa juu ya kabati, utahitaji kupanda kiti kila unapotaka kuokota kitu kilichoanguka chini, na usafi unaohitaji kiti ni usafi utakaoahirishwa. Najua kwamba tangi refu kwenda juu huvutia macho dukani, lakini kwa mfugaji wa oska sioni kitu anachokipata kwa zile sentimita 15 za ziada.

Hapo pia ndipo ninapopata mashaka juu ya fundi wako, na sitaki kuyaficha. Hesabu inayotumiwa sana na watengenezaji wa matangi ya kioo cha kawaida huweka kipimo cha usalama cha 3.8, maana yake kioo hupewa unene utakaoufanya mkazo ndani yake ubaki karibu na robo ya ule unaohesabiwa kuwa unaweza kukivunja. Kwa tangi la mita mbili lililo wazi juu, hesabu hiyo inatoa takriban milimita 17.6 kwa kimo cha sentimita 75, na takriban milimita 12.6 kwa kimo cha sentimita 60. Kwa kuwa vioo vya unene huo huuzwa kwa milimita 12, 15 na 19, tangi la kwanza linahitaji 19 na la pili 15. Milimita 12 alizokuahidi kwa kimo cha sentimita 75 zinashusha kipimo cha usalama hadi chini ya 2. Tangi kama hilo linaweza kusimama kwa miaka, na bila shaka fundi anaweza kukuonyesha mengine aliyoyatengeneza hivyo, lakini limebakiwa na akiba ndogo mno ya kustahimili mtoto anayegonga kioo kwa gari la kuchezea, jiwe lililoangushwa na oska, au kabati lililozama milimita chache upande mmoja. Kioo cha milimita 15 cha kiwandani kina mikanda inayozuia ukingo wa juu usitune, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti na ya tangi lililo wazi, na hilo sina ugomvi nalo.

Kuhusu kioo chenyewe, usipoteze muda mwingi kulinganisha. Watengenezaji wa matangi, wakubwa kwa wadogo, kwa kawaida hununua kioo bapa kutoka viwanda vikubwa vya vioo, ambavyo karibu vyote hutumia njia ileile ya kuelesha kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, njia iliyobuniwa na Alastair Pilkington na wenzake nchini Uingereza katika miaka ya 1950. Kioo chenye chuma kidogo hupunguza ule ukijani unaoonekana kwenye kingo, na katika unene wa milimita 15 tofauti huonekana kweli, lakini hilo ni suala la macho na si la usalama. Ukitaka kukilipia, kiweke upande wa mbele peke yake. Jambo la lazima kuuliza ni kama kuna kioo chochote kilichoimarishwa kwa joto. Kioo cha namna hiyo kina nguvu zaidi, ila hakiwezi kutobolewa baada ya kuimarishwa, na siku kikivunjika husambaratika chote kwa mara moja, wakati kioo cha kawaida mara nyingi huanza kwa ufa.

Kinachomtofautisha mtengenezaji mmoja na mwingine ni maungio, na huko ndiko ningependa uelekeze macho yako yote. Unapokwenda karakanani au dukani, chukua tochi. Iweke ubavuni mwa kiungio cha wima na utazame kupitia kioo, si kwenye utepe wa silikoni, ile gundi ya mpira, ulio kwenye kona ya ndani. Kiungio kinachobeba mzigo ni ile tabaka nyembamba iliyo kati ya kioo na kioo. Utepe wa kona ni ngao tu inayoilinda. Silikoni nyeusi iliyoshika vizuri huonekana nyeusi ya aina moja kutoka chini hadi juu, na mahali ambapo haikushika pataonekana pakimeta rangi ya fedha mwanga unapopita. Kiputo kimoja kidogo cha hewa kilichozungukwa na silikoni si hoja, lakini mfululizo wa viputo, au kiputo kinachoanzia upande wa maji na kufika upande wa nje, ni sababu tosha ya kulikataa tangi. Tazama pia unene wa tabaka hiyo. Unapaswa kuwa sawa kote, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 3, kwa sababu silikoni iliyominywa mpaka kioo kikagusa kioo haina nafasi ya kuvutika pale maji yanapokitunisha. Halafu pitisha kidole taratibu kwenye kingo. Zile zilizosuguliwa vizuri ni laini na hazina mapengo. Ukingo uliomeguka hata kidogo ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia.

Mwombe fundi akuonyeshe mrija wa silikoni anayoitumia na usome maandishi yake wewe mwenyewe. Silikoni za mabafuni mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaweza kuwadhuru samaki. Muulize anaiacha kwa siku ngapi kabla ya kutia maji. Akikuambia kesho yake, anakimbizana na malipo. Kwa maungio ya tangi la ukubwa huu ningependa kusikia wiki moja au zaidi. Swali hili lina uzito kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Tangi likivuja kwenye kiungio kinachobeba mzigo, kupaka utepe mpya juu ya wa zamani si matengenezo. Vioo hubanduliwa, husafishwa na kuunganishwa upya.

Sasa nirudi kwa kiwanda, ambacho pengine unaona nimekipita haraka. Nguvu yake ni kurudia: tangi lilelile likitengenezwa kwa vipimo vilevile mara nyingi, kasoro ya usanifu hugunduliwa mapema na kusahihishwa, jambo ambalo karakana inayotengeneza kila tangi kwa vipimo tofauti haiwezi kulifanya kwa urahisi. Kabati lake limepimwa kwa ajili ya tangi hilo. Hati zake zipo. Ujerumani, kwa mfano, ina kiwango cha DIN 32622 kinachohusu usalama wa matangi ya samaki ya kioo, na mtengenezaji anayefuata kiwango cha aina hiyo haoni tabu kukitaja kwenye karatasi zake. Uliza kiwanda chako kinafuata kipi.

Udhaifu wake ni kwamba unalipia kifurushi. Angalia kama taa inaweza kubadilishwa na ya mtengenezaji mwingine au imefungwa ndani ya mfuniko wenye soketi isiyopatikana kwingine. Angalia pia chujio likoje. Wapo watengenezaji, Juwel ya Ujerumani ikiwamo, ambao katika matangi yao mengi hubandika chujio ndani ya kona kwa silikoni. Mpango huo una faida ya kweli, kwamba likivuja maji yanabaki ndani ya tangi, lakini hula nafasi, na oska ni samaki anayekula sana na kuchafua sana. Nina hakika kwamba baada ya muda mfupi utataka chujio kubwa la nje, na hapo lile ulilolilipia litakuwa halina kazi. Swali zuri la kumuuliza muuzaji wa kiwanda chochote ni kama vipuri vya toleo la miaka kumi iliyopita, kama pete za mpira na shafti ya pampu, bado vinauzwa. Akijibu kwa namba ya kipuri na si kwa tabasamu, umepata mtengenezaji anayekusudia kubaki.

Akriliki inastahili heshima yake. Dirisha la tangi kuu la jumba la maonyesho ya samaki la Okinawa Churaumi nchini Japani, lililofunguliwa mwaka 2002, ni la akriliki: upana wake ni mita 22.5, kimo mita 8.2 na unene sentimita 60. Kwa ujazo uleule akriliki ina chini ya nusu ya uzito wa kioo, hupitisha joto kidogo sana kuliko kioo, na maungio yake huyeyushwa yakawa kitu kimoja badala ya kubandikwa. Lakini ni laini. Punje moja ya mchanga ikinaswa kwenye sponji ya kusafishia huchora mstari mbele ya macho yako, na oska huhamisha mchanga na mawe kila anapojisikia. Mikwaruzo ya nje hung'arishwa kwa urahisi. Ya ndani, tangi likiwa na maji, ni kazi nyingine. Akriliki pia hupinda zaidi ya mara ishirini kuliko kioo cha unene uleule, na kwa hiyo tangi lake hutengenezwa kwa akriliki nene na kufungwa juu kwa bamba pana lenye matundu, na kazi zako zote za usafi zitapitia kwenye matundu hayo. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia au spiriti huitia nyufa ndogondogo, na katika nyumba yenye watu wengi, siku moja mtu mwenye nia njema ataipuliza.

Watu husema kwamba akriliki haipasuki. AquaDom ya Berlin, silinda ya akriliki iliyokuwa na karibu lita milioni moja, ilipasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 na kuua wengi wa samaki wake wapatao 1,500. Wachunguzi walitaja sababu kadhaa zinazowezekana, ikiwamo gundi ya maungio na kukauka kwa akriliki wakati wa ukarabati, bila kuweza kuthibitisha hata moja. Tangi la nyumbani halilingani na hilo kwa ukubwa wala kwa hatari, na sikutaji kisa hiki ili kukutisha. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha ugumu wa kuthibitisha kosa ni la nani baada ya maji kumwagika, na hapo tunafika kwenye dhamana.

Miaka kumi ya yule wa akriliki na miaka mitatu ya kiwanda haiwezi kulinganishwa kabla hujasoma maneno yanayofuata. Dhamana nyingi hulipia tangi tu: watakupa tangi jingine au kulitengeneza lililoharibika, lakini hawalipi samaki, sakafu, zulia wala dari ya waliopo chini. Nyingi hubatilika tangi likiwekwa kwenye kabati lisilo la mtengenezaji, likisimikwa pasipo usawa, au likitobolewa baada ya kununuliwa. Nyingine hutaka ununuzi usajiliwe ndani ya siku chache. Kuna pia usafirishaji: tangi lenye kilo zaidi ya mia likirudishwa kiwandani, gari, mbao za kulifunga na watu wa kulibeba hugharimu fedha nyingi, na pale dhamana isiposema nani analipa gharama hiyo, mara nyingi mlipaji ni wewe. Mwandikie kila mmoja wa watengenezaji hao watatu swali moja tu: tangi likivuja kwenye kiungio katika mwaka wa pili, nani atakuja, atakuja baada ya siku ngapi, na nani atalipia nini? Jibu watakalokuandikia litakufaa kuliko maoni yote uliyoyasoma. Kampuni ya bima ya nyumba, kama mnayo, iulizwe pia kama inalipia maji yanayotoka kwenye tangi la samaki, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomgusa mama mkwe wako.

Kwa kuwa nimegusa maoni ya wanunuzi, niseme hili. Mwenye kuuza matangi mengi atakuwa na malalamiko mengi hata kama kazi yake ni bora, na mtu aliyepata tangi lake wiki iliyopita husifu kabati na taa, maana ndivyo anavyoviona. Soma yale tu yanayotoka kwa watu waliokaa na tangi kwa miaka mitano au zaidi, na uangalie zaidi namna mtengenezaji alivyowajibu walioharibikiwa. Hakikisha pia kwamba wanazungumzia toleo unalolitaka, kwa kuwa jina moja linaweza kubeba matangi yaliyotengenezwa katika viwanda tofauti.

Basi mrudie fundi wako kwa adabu, kama mtu anayetaka kumpa kazi na si kama anayemkamata kwa kosa. Mwambie unataka sentimita 200 kwa 75 kwa 60, kioo cha milimita 15 pande zote na chini, kingo zilizosuguliwa, silikoni unayoijua jina, na kwamba uko tayari kulipa ongezeko la bei litakalotokana na hayo. Mwombe akuandikie unene wa kioo, aina ya silikoni, siku za kukausha, jaribio la maji karakanani kabla ya kulipokea, na muda wa dhamana pamoja na anachokilipia, akitia sahihi na tarehe. Mambo mawili ni ya lazima kabisa: unene wa kioo na dhamana ya maandishi. Kama ana ukaidi juu ya milimita 12, au akirudia kwamba simu inatosha, mshukuru na uende kiwandani. Sisemi kwamba si mkweli. Fundi anaweza kuugua, kuhama au kufunga karakana, na ahadi ya mdomo huondoka naye. Bei yake, hata baada ya kuongeza unene, huenda bado ikawa chini ya ile ya kiwanda, kwa kuwa hulipii taa na chujio usivyovihitaji, ila hakikisha umeongeza kabati kwenye hesabu. Kabati la chuma cha pembe nne kilichopakwa rangi vizuri, au la plaiwudi nene, ndilo ningelichagua. Mbao za unga uliobanwa huvimba zikilowa, na kando ya tangi hakuna kitu kinachobaki kikavu muda wote.

Hofu ya mume wako ina msingi. Maji peke yake ni kilo 900, kioo cha milimita 15 kwa vipimo hivi ni karibu kilo 180, na ukiongeza mchanga, mawe na kabati unafika karibu tani moja na robo juu ya eneo la mita ya mraba moja na nusu. Viwango vingi vya ujenzi husanifu sakafu za makazi kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Hii haina maana kwamba sakafu itashuka, kwa sababu uzito uliokaa kandokando ya ukuta unaobeba jengo ni tofauti na uzito uliokaa katikati ya chumba, lakini ina maana kwamba swali hili haliwezi kujibiwa na mimi, wala na muuza matangi. Mwiteni mhandisi wa majengo aangalie mahali mlipopachagua kabla hamjalipa hata malipo ya awali, na mama mkwe awepo akisikiliza. Akisema hapana, toleo la sentimita 180, lenye takriban lita 650, linaweza kuwa jibu, au tangi likae chumba cha chini; na hapo pia mwacheni mhandisi aseme.

Ukiamua kutumia tangi la chini la kuchujia badala ya chujio la nje, kuna hesabu moja ambayo kila mtengenezaji anapaswa kuijua. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka mpaka usawa wa tundu la kutolea. Kwa uso wa sentimita 200 kwa 75, kushuka kwa sentimita 3 tu ni lita 45, na tangi la chini lazima liwe na nafasi tupu ya kuzipokea pamoja na zile zilizomo kwenye mabomba. Matundu yakatwe kwa kipimo cha viungio vya mabomba vinavyopatikana madukani, ili usibaki mateka wa mtengenezaji mmoja kwa kipande kidogo cha plastiki.

Siku ya kulipokea, likague kwa tochi kabla hujatia sahihi karatasi ya usafirishaji. Likishasimikwa, hakikisha kwa pima maji kwamba liko sawa kwa urefu na kwa upana, na kama limekuja na fremu ya plastiki chini, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mkeka wa sponji: tangi bapa lisilo na fremu kwa kawaida huhitaji mkeka, na lenye fremu kwa kawaida hukatazwa, kwa sababu sponji huinuka katikati na kusukuma kioo cha chini. Lijaze robo kwa robo, ukipima usawa kila hatua, kisha liache limejaa kwa siku tatu likiwa na karatasi kavu za jikoni zilizozungushwa chini kote, kwani karatasi huonyesha unyevu ambao macho hayauoni. Patana mapema kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya siku hizo. Baada ya hapo funga chujio lako la zamani kwenye tangi jipya sambamba na jipya, likiwa na uchafu wake na bakteria wake, na liendeshe hivyo kwa wiki kadhaa baada ya kuwahamisha oska, huku ukipima amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, mara kwa mara mpaka zote mbili zibaki sifuri.